Gurudumu Lililohamisha Uwanja

Limi alikisoma kibao kwa kidole, na hakujali nani anamtazama. Kusoma kwake ni kule kwa ngumbaru, darasa la watu wazima walilosomeshwa ndani ya ghala la pamba mwaka wa sabini na mbili, na tangu siku hizo herufi kwake ni kama kunde zenye mawe: unatafuna pole pole, ukiharakisha unavunja jino. Januari, mwanawe, alikuwa amekwisha kumaliza zamani, anamsubiri mikono nyuma.

"Cho-mbo cha mvu-to," Limi alisoma. "Ma-nju Ma-ga-nga wa Ka-go-ngwa. Ri-ngi za bai-ske-li, fi-to, ki-ta-mbaa, ra-ngi..." Kidole kikasimama. "Na nini hapa?"

"Na dawa, Mama."

"Dawa gani?"

"Ile ya baba. Ya kuvuta watu."

Limi alishusha mkono akaupangusa kwenye kanga, kana kwamba kibao kilikuwa na mafuta.

Gurudumu lenyewe lilikuwa mbele yao juu ya jukwaa jeupe. Tunasema gurudumu, lakini ni mawili, moja mbele ya jingine, kimo cha mtu mzima, kila moja lina ringi ya baiskeli katikati na fito zimezungushwa kwa nje, kitambaa kimewambwa juu yake. Pembetatu nyekundu, nyeusi na nyeupe zimepangwa kuanzia kitovuni mpaka ukingoni. La mbele limetobolewa matundu ili la nyuma lichungulie. Chini kuna kijigurudumu cha mti chenye pedali, na kamba mbili zinatoka hapo kwenda juu. Vumbi lote la ghalani lilikuwa limefutwa. Na pembeni pameningʼinizwa kikaratasi kingine, hiki kifupi, akakisoma kwa pumzi moja: USIGUSE.

Huyu Limi ni mtu wa Kagongwa, miaka sabini na mbili, mjane wa mwaka wa tisa. Analima mpunga na viazi, ana mbuzi, ana goti moja bovu na ulimi mzima. Kule wanamwita Mama Januari, na wakiwa na shida naye wanamwita Mama Manju, kwa sababu marehemu mumewe Maganga alikuwa manju, kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo, aliyejulikana kutoka Isaka mpaka ziwani. Maganga alijulikana kwa nyimbo na kwa dawa. Limi anajulikana kwa ukaidi.

Januari alipokuja na pikapu kulichukua gurudumu akisema kuna watu Geita wanalitaka kwa maonyesho, Limi alimwambia chukua, linakula nafasi ya mahindi. Hakuuliza litaandikwaje. Hakujua kwamba vitu siku hizi vinaandikwa.

Msichana aliyeandaa maonyesho alikuja mbio mbio, kitambulisho shingoni. Jina lake Goodness.

"Shikamoo, Bibi! Karibu sana. Umeliona lilivyopendeza?"

"Marahaba. Limefungwa kama mbuzi wa mnadani. Mbona halizunguki?"

"Litazunguka saa nane, wageni wakitimia. Kamba za zamani zilikuwa zimeliwa na panya, Otmar ndiye amefunga mpya. Otmar ni yule pale, fundi wa kuchomelea wa Ushirombo. Naye ni mmoja wa wasanii wetu."

"Mko timu ngapi?"

"Siyo timu, Bibi. Wasanii sita. Ni maonyesho ya pamoja ya sanaa ya maumbo na mwendo."

"Wagalu wangapi, Wagika wangapi?"

Goodness akacheka. "Hakuna mashindano hapa. Kila mtu ameleta kazi yake, watu wanatembea wanaangalia."

"Na wanaposimama wengi, hapo inakuwaje?"

"Haiwi kitu, Bibi."

"Mh," Limi alisema. Moyoni aliona huyu mtoto kasoma sana, ila hajui amekusanya nini.

Tumweleze asiyejua. Kwa Wasukuma ngoma ni vita isiyo na mkuki. Kuna Wagalu na kuna Wagika, na mtu anazaliwa humo au anajiunga. Pamba ikishauzwa, pande mbili hupangiwa siku moja, uwanja mmoja, hawa huku na wale kule, ngoma zinaanza pamoja. Mwamuzi hakuna. Mwamuzi ni miguu ya watu. Watakapohamia ndipo ushindi ulipo, na atakayebaki anaimbia vumbi amekwisha. Ndiyo maana kila manju alitafuta kitu cha kushtua uwanja: chatu, fisi, sanamu la mti linalopiga saluti. Na ndiyo maana kila manju alikuwa na dawa, au alisemekana anayo, maana mtu akishindwa ni rahisi kusema nimerogwa kuliko kusema nimezidiwa.

Basi Limi akauzunguka ukumbi kama alivyokuwa akiingia uwanjani zamani, macho chini, akihesabu miguu. Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala refu la zamani lililopigwa chokaa, madirisha juu. Kwenye chombo cha Otmar alihesabu watu kumi na tisa. Kilikuwa mabomba ya kuchorongea mwamba na mipira ya chuma ya karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Kina mota, na mipira ilikuwa inapanda na kushuka kwenye mabomba kwa kelele. Mchimbaji mmoja mwenye gambuti alikuwa anawaambia wenzake, "Hii karasha imeokoka. Inafanya kazi na haitoi hata vumbi." Kwa gurudumu la Limi kulikuwa na watu watatu, na mmoja alikuwa amesimama kufunga kamba ya kiatu.

Akapita na picha. Nyingi hazikumwambia kitu. Miraba juu ya miraba, kama mtu aliyeagizwa vigae akasahau nyumba. Lakini mbele ya picha moja alisimama hata Januari akamfuata kuona kulikoni. Ilikuwa mistari tu, myeusi juu ya nyeupe, myembamba, inakaribiana na kuachana. Ukiitazama kidogo ilianza kupumua. Imetundikwa ukutani, haina mota wala kamba, na inapumua. Limi akaangalia chini yake, akatafuna herufi moja moja. E-pi-fa-ni-a. Kisha mwaka. Basi. Hapakuwa na baba, hapakuwa na mume, hapakuwa na dawa.

"Huyu ni mwanamke?" aliuliza.

"Ndiyo, mwalimu wa shule ya msingi," Januari alisema. "Yule mwenye kilemba cha kijani."

Limi akamtazama yule mwanamke, amebeba chupa ya maji, anazungumza na watu kazi yake ilivyo, mchana kweupe, wala hakuna aliyeanguka.

"Januari, nani amewaambia kuna dawa?"

"Mimi. Kwani kuna asiyejua? Mama, kuna watu wamekuja Buseresere kununua matairi kwangu kwa sababu tu wameona jina la Maganga mlangoni. Wanasema mtoto wa manju hawezi kukosa bahati." Akamshika bega. "Baba angeiona siku hii, Mama."

Sasa hapo ndipo palipokuwa na mfupa. Kitu ambacho Januari hakukijua, wala Goodness, wala mtu yeyote aliye hai, ni kwamba Maganga hakugusa gurudumu lile hata msumari.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nne. Maganga alikuwa amepangiwa kukutana Ushetu na Wagika wa Ndaki. Ndaki alikuwa kijana wa moto, sauti yake ukiisikia mbugani unawasahau ngʼombe, na mwaka uliotangulia alikuwa amemwachia Maganga watazamaji saba, watatu wakiwa ndugu zake. Aliposikia amepangiwa naye tena, Maganga alirudi nyumbani akalala siku mbili uso ukutani. Limi hakumbembeleza. Alikaa nje na mtoto mgongoni, akafikiri.

Alifikiri juu ya kikapu. Ukisuka pembetatu nyekundu juu ya nyeupe kisha ukakizungusha kikapu mkononi, pembe zinakimbia. Kila msukaji anajua na hakuna anayesema, kwa sababu kikapu ni cha kuwekea unga. Akafikiri tena juu ya kiwanda cha kuchambulia pamba alikopelekwa na babake akiwa msichana, ambako aliona mikanda mirefu inatoka gurudumu moja kwenda jingine. Mmoja ulikuwa umenyooka, wa pili umepishana katikati kama miguu ya mtu aliyekaa, na lile gurudumu la mkanda uliopishana lilikuwa linakwenda kinyume na mwenzake. Watu wazima wote siku ile walikuwa wanaangalia mizani. Yeye aliangalia mkanda.

Akakata, akawamba, akapaka: udongo mwekundu, masizi, chokaa, na uji wa muhogo wa kugandisha. Wiki tatu. Siku yenyewe ilipofika uwanja wote ulikuwa kwa Ndaki. Maganga akaingia na wimbo, na nyuma yake turubai likafunuliwa kwa mbele. Chini ya turubai hilo Limi alikuwa amechuchumaa, mtoto mgongoni, anazungusha pedali kwa mkono. Gurudumu moja likaenda kulia, jingine kushoto, pembetatu zikafunguka na kufumba, zikawa zinamezana kuingia ndani, ndani, ndani, kama kisima kinachokunywa maji yake. Alisikia mtungi ukivunjika mahali. Halafu akasikia miguu. Uwanja ulihama kwa mara moja, mfano wa mchele ungo ukiinama.

Baadaye Maganga alimwambia, "Limi, hili tulifungie mdomo. Wakijua ni kamba, mwaka kesho kila mtu anayo." Naye akakubali, akaapa, maana ilikuwa hila ya vita na ilikuwa ya kwake, na mwenye hila hatangazi. Hakujua kwamba huo mwaka kesho ungekuwa miaka hamsini. Watu walisema ni dawa. Wakaja kuiomba, wa maduka, wa majosho ya ngʼombe, hata wa machimbo, na Maganga hakusema ipo wala haipo. Alipougua, Limi alikaa kando ya kitanda akingoja neno moja tu. Maganga alizungumza habari za zizi, za mlango unaolia, za ngʼombe mweupe mwenye kwato mbovu. Akafa Jumanne, na gurudumu hakulitaja.

"Nasikia harufu ya Wagalu humu," sauti ilisema mlangoni. "Mmefukiza nini?"

"Tumefukiza Wagika," Limi alijibu bila kugeuka. "Wanawaka vizuri, wamekauka."

Alikuwa ni Ndaki mwenyewe, yule yule, sasa mzee wa koti na fimbo, aliyealikwa na Goodness aje kuwasimulia watu habari za mashindano ya zamani. Sauti haikuwa imezeeka hata kidogo. Ilikuwa imebaki nzima ndani ya mwili uliochakaa.

"Mwadila, Mama Januari," alisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila. Bado hujafa?"

"Nangoja utangulie, nije nikuimbie vibaya."

"Utaniimbia na nani? Watazamaji wako tuliwachukua."

Ndaki akacheka mpaka akakohoa, lakini macho yake yalikwenda kwenye gurudumu, na kicheko kikakatika katikati. Akalitazama kama mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumuuma.

Saa nane ilipofika Goodness akampa kipaza sauti, naye akakikataa. Akasimulia. Alisimulia vizuri, lazima tuseme, maana manju ni manju. Akaeleza jinsi alivyokuwa na watu elfu moja, na jinsi alivyoona kwanza vichwa vikigeuka, kisha mabega, kisha akabaki na wapiga ngoma wake, na hata wao shingo zimepinda. Akasema aligeuka mwenyewe, akaona kitu kinameza mchana.

"Nimeshindana na watu wengi," alisema, "na Maganga aliyenishinda hakunishinda kwa koo. Koo langu lilikuwa juu. Alinishinda kwa dawa ambayo sijaiona tena, na mimi mpinzani wake nasema: hakuna manju aliyezaliwa kama yule."

Watu wakapiga makofi. Januari alikuwa anafuta macho kwa kiganja. Limi alisimama hapo, na ndani yake vitu viwili vilikuwa vinavutana. Alikuwa amempenda yule mtu anayesifiwa. Na sifa zenyewe zilikuwa zinampita sikioni kama mgeni anayeulizia nyumba ya jirani.

"Otmar, tuzungushie," Goodness alisema.

Otmar, kijana mnene mwenye uso wa furaha, akanyanyua kamba ya kuzuia watu, akakamata pedali. Magurudumu yakazunguka. Yote mawili, upande mmoja, sawasawa. Rangi zikachanganyika zikawa udongo. Akaongeza kasi, zikawa udongo wa mwendo kasi. Watu wakapiga makofi ya adabu, yale ya kupokelea hotuba.

Limi aliona mara moja. Kamba zote mbili zilikuwa zimenyooshwa.

"Siyo hilo," Ndaki alisema. Akasogea na fimbo yake mpaka karibu. "Hili ni gurudumu tu. Lile lilikuwa linameza."

"Nimefunga kama lilivyokaa, mzee," Otmar alisema. "Kamba mbili, mifuo miwili."

"Sikulaumu, mwanangu." Ndaki akatikisa kichwa. "Dawa imekufa na mwenyewe."

"Aaa," watu wakaitikia, na ilikuwa aaa ya kuridhika. Ilikaa vizuri. Hata Goodness aliandika kwenye daftari lake.

Na hapo Limi angeweza kunyamaza. Kama angenyamaza jambo lilikuwa limekwisha, tena kwa heshima. Maganga angebaki juu milele, hakuna wa kumfikia, dawa yake imezikwa naye. Januari angebaki na baba yake kamili. Kiapo kingebaki kiapo. Yeye angerudi Kagongwa kwenye palizi. Ila gurudumu nalo lingebaki pale mpaka mwisho wa mwezi, linazunguka kijinga mbele ya watu kila siku, na kila mtu akiambiwa lilikuwa na nguvu zamani, sasa limechoka. Kukosa jina alikuwa amekuvumilia miaka hamsini, na angeweza kumalizia iliyobaki. Kazi ya mikono yake kuonekana mbovu, hapana. Hiyo hapana.

Akavua kandambili, akapita chini ya kamba.

"Bibi, samahani," Goodness alisema, "kile kikaratasi..."

"Hicho ni cha wageni." Akamgeukia Otmar. "Legeza nati hii ya chini."

Otmar akamtazama Goodness, akatazama mkono wa yule bibi ulioshika kamba, akatoa spana mfukoni.

"Mama," Januari alisema kwa sauti ya chini. "Mama, toka. Watu wanaangalia."

"Si wamesema ndiyo kazi ya hapa?"

Akaketi sakafuni, goti bovu amelinyoosha pembeni. Kamba ya mbele akaiacha. Ya nyuma akaichomoa kwenye mfuo, akaigeuza, upande wa kulia akaupeleka kushoto na wa kushoto kulia, zikapishana katikati. Akaijaribu kwa kidole gumba. Ilikuwa imelegea. Akamwambia Otmar avute mti wa juu kidogo, kidogo tena, hapo, kaza. Vidole havikuuliza kitu. Vilikuwa vinajua njia kama ngʼombe wanavyojua maji.

"Kumbe ni hivyo," Otmar alinongʼona. "Kumbe ni hivyo tu!"

Limi akazungusha pedali.

Kwanza yalikwama kidogo, halafu la mbele likaenda kulia na la nyuma kushoto. Matundu yakapita juu ya nyekundu, yakapita juu ya nyeusi, pembetatu zikafunguka, zikafumba, zikaanza kuingia ndani. Mama mmoja akarudi nyuma hatua moja akamkanyaga mumewe. Yule mchimbaji wa gambuti akavua kofia. "Jamani, hili linazama kuliko shimo letu," akasema, na hakuna aliyecheka. Kule mwisho mota ya Otmar ilikuwa inaendelea kupandisha mipira, haina hata mtu mmoja. Yule mwalimu Epifania alikuwa amekuja mbele kabisa, mdomo wazi, anahesabu kitu kwa vidole. Limi hakuwatazama. Aliisikia miguu.

Aliposimamisha pedali, Ndaki alikuwa bado anatazama. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama Januari. Maganga alikufundisha hivyo?"

Ulikuwa mlango, na ulikuwa umefunguliwa kwa wema. Limi aliona kabisa. Angesema ndiyo, alinifundisha mume wangu, kila mtu angepata chake. Ndaki alikuwa anautaka huo mlango. Januari alikuwa anautaka kuliko wote, amesimama pale na miaka hamsini yake, uso wa mtoto.

"Maganga alijua kuimba," Limi alisema.

Akashika ukingo wa jukwaa, akainuka.

"Kuimba nilimwachia yeye. Hakuna aliyemzidi, hata wewe. Kamba alikuwa hazijui. Hata mbuzi nilikuwa namfungia mimi."

"Kwa hiyo siku ile Ushetu..."

"Siku ile nilikuwa chini ya turubai. Huyu alikuwa mgongoni," akamnyooshea Januari kidole, "kanikojolea mara mbili."

Watu wakaangua kicheko, isipokuwa Januari. Yeye aligeuka akatoka nje.

Ndaki akatafuta kiti, akaketi, fimbo katikati ya magoti. "Miaka hamsini," alisema. "Nimeoga dawa ya kuzuia dawa ambayo haikuwepo. Nimechinja mbuzi watatu. Ningejua ni kamba ningekuja na kisu."

"Ndiyo maana hukuambiwa."

"Sikushindwa na Maganga." Alilisema pole pole, kama anayejaribu koti la mtu mwingine. "Nimeshindwa na mwanamke mwenye mtoto mgongoni."

"Na mwenye njaa. Sikuwa nimekula tangu asubuhi."

Mzee akafanya kitu ambacho Mgika hamfanyii Mgalu: akaweka fimbo chini, akapiga makofi matatu taratibu, ya viganja vilivyojikunja, yale ya kumpokea manju anapoingia uwanjani. Limi alijifanya anakunja kanga. Ilibidi aikunje mara mbili.

Goodness alikuwa amekibandua kile kibao, amekishika kifuani. "Bibi, sasa tuandikeje?"

"Toa dawa. Weka Limi."

"Na jina la Manju Maganga nilitoe?"

Limi akafikiri. Alifikiri kwa kweli, siyo kwa ajili ya watu.

"Mwache. Aliimba. Ila liwe chini yangu."

Nje, Januari alikuwa kwenye pikapu, injini imezimwa, mikono kwenye usukani. Limi akapanda kwa shida, hakusaidiwa, wala hakuomba. Wakatoka Geita wakaishika barabara ya Buseresere, ambako angelala kwa mwanawe kabla ya kurudi kwao. Walipita machimbo madogo, watu weupe kwa vumbi wanasukuma baiskeli zenye mifuko ya mawe. Walipita Katoro na kelele zake zote.

"Ungeniambia mimi," Januari alisema hatimaye.

"Ungenyamaza?"

Akaendesha. "Hapana."

"Haya."

"Kesho nitafungua duka na watu watakuwa wameshasikia. Nitawaambia nini? Kwamba baba alikuwa mwongo?"

"Baba yako hakusema neno. Watu walijisemea."

"Kunyamaza nako ni kusema, Mama."

Limi alitazama nje. Kweli ilikuwa hivyo, kunyamaza ni kusema, na waliokuwa wamenyamaza walikuwa wawili. Hili hakuwa amelifikiria pale ukumbini.

"Alikushukuru hata siku moja?" Januari aliuliza, na sauti ilikuwa imepoa.

"Hapana."

"Hata mkiwa wawili?"

"Hapana." Akanyoosha goti. "Lakini zile ringi nilizitoa kwenye baiskeli yake. Aliyokuwa amenunua mpya. Aliamka asubuhi akakuta fremu imeegemezwa ukutani haina magurudumu, akaniuliza yako wapi, nikamwambia nayahitaji. Akatazama. Akachukua viatu vyake akaenda mnadani kwa miguu. Hakuniuliza tena ni ya nini, mpaka nilipomwonyesha."

Januari akapunguza mwendo, kundi la ngʼombe lilikuwa linavuka.

"Alitembea kwa miguu muda gani?"

"Mpaka pamba ya mwaka wa sabini na sita, aliponunua nyingine."